Ngumi Chini ya Maji

Mtu wa mwisho niliyempiga maishani mwangu nilimpigia chini ya maji, kwenye shimo la kokoto huko Kisarawe, nikiwa na miaka sitini na moja na magoti mawili yaliyokwisha. Kabla yake nilipiga wengi. Kwa miaka thelathini nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa nidhamu, na wale niliowachapa sasa ni watu wazima wenye vitambi. Wakinikuta njiani Kibaha hunipa shikamoo huku mkono mmoja ukijisogeza wenyewe kuelekea makalioni. Sijivunii. Nasema ili ieleweke kwamba mkono wangu ulikuwa na mazoea yake muda mrefu kabla sijafundishwa kupumua kwa mtungi wa hewa. Huyu wa mwisho alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu wa tumbo moja, na mkewe ana haki ya kujua nilichomfanyia mumewe.

Magoti yaliniasi mwaka niliostaafu. Asubuhi moja nilichuchumaa chooni, nikamaliza shughuli zangu, nikashindwa kuinuka. Goti la kulia lilikuwa limejifunga kama kufuli yenye kutu. Nikashika ukuta, nikateleza, nikajaribu tena, maumivu yakapanda hadi kwenye meno. Basi nikaanza kupigana. Niliitupa ndoo ukutani ikapasuka, nikalipiga goti lenyewe kwa kopo la kunawia, nikalitukana matusi ambayo miaka yote niliwachapia watoto wa watu. Mke wangu aliposikia vishindo akadhani kuna nyoka, akaja mbio na mpini wa jembe. Alinikuta nimekaa sakafuni, suruali imeshuka, nalia kwa hasira. Hakucheka. Alinishika makwapa, akanivuta, na siku ile ile akanipeleka hospitali.

Daktari alikuwa binti mdogo aliyeniita mzee wangu katika kila sentensi. Alitundika picha ya mifupa yangu kwenye taa, akanionyesha jinsi gegedu lilivyosagika, sasa mfupa unasaga mfupa. Nisikimbie, nisipande ngazi, nisibebe mizigo, na msikitini nisali kwenye kiti. Nilipomuuliza kama kuna kitu chochote ninachoruhusiwa, akasema maji. Maji humbeba mtu, viungo vikapumzika. Nikamwambia Kibaha haina bahari. Akaniambia kwa upole kwamba kuna nyumba ya wageni hapo barabarani yenye bwawa la kuogelea, na wazee wanaruhusiwa asubuhi.

Hapo ndipo mtani wangu alipoingia. Mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Yeye alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, na watu wetu wametaniana tangu enzi za mababu zake waliobeba mizigo kutoka bara hadi pwani. Kwa asiyejua, mtani ana ruhusa. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, kuondoka na kuku wako, kukumwagia maji umevaa kanzu ya Idi, na wewe ukinuna ndiye umekosa adabu. Hata msibani mtani huingia na upuuzi wake katikati ya vilio, na wafiwa humshukuru.

Yeye alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Picha ya Ndege, mtaa wetu wa Kibaha, karakana yake ikitazamana na kiwanja changu. Siku ya kwanza nilipohamia alivuka barabara, akanipora kofia, akaikalia. Nilipomuuliza kabila lake nikajua la kufanya. Tulipigana mieleka kwenye mchanga uliomwagwa kwa ajili ya ukuta wa uzio wangu, watu wazima wawili wenye watoto sekondari, hadi akanivunja kidole cha mwisho na mimi nikamng'ata bega likatoka damu. Jioni yake alinitumia sahani ya wali na kuku. Nilipokwenda kurudisha sahani nikagundua kuku mwenyewe alikuwa wangu.

Tuliishi hivyo miaka kumi na miwili. Nilimwita mpagazi, aliniita mcheza ngoma, kwa kuwa Mzaramo, alisema, akisikia mdundiko hutupa jembe shambani na mtoto juu yake. Tukikutana gengeni lazima mmoja apigwe kofi la kisogoni. Wageni walidhani ni maadui. Mke wangu na mkewe walikaa kwenye jamvi moja wakichambua mchicha na hawakuinua hata macho.

Nyonga yake nayo ilikuwa imelika. Alitembea akichechemea upande mmoja, na siku za mvua alikunywa dawa za maumivu kama karanga. Aliposikia naenda bwawani akasema hawezi kukubali Mzaramo afie majini bila mtu wa kumcheka. Ndivyo tulivyoanza, wazee wawili tukitembea kwenye maji ya kifuani, tumeshika ukingo, tunatukanana.

Pale bwawani alikuwapo mwanamaji mstaafu ambaye alikuwa akijaribia mitungi yake ya hewa. Kazi yake ilikuwa kuopoa vitu vilivyozama kwenye mabwawa na mashimo ya Kibaha na Kisarawe: pampu za wakulima, pikipiki, na mara nyingine watu. Vijana aliowafundisha walikuwa wamemkimbia, wamekwenda pwani kuzamia na watalii. Alitutazama wiki nzima, kisha akatuuliza kama tunaogopa giza, maana alitaka kutufundisha tumsaidie kazi. Alisema kule chini mtu hahitaji miguu sana, anahitaji pumzi na akili iliyotulia. Pumzi nilikuwa nayo.

Sitasahau mara ya kwanza nilipozama nikiwa na mtungi mgongoni. Mkanda wenye vipande vya madini ya risasi ulinivuta chini taratibu hadi nikagusa vigae, nikapiga magoti. Nasema nikapiga magoti! Tangu nistaafu nilikuwa sijapiga magoti hata mbele ya Mungu, na sasa nilikuwa nimepiga kwenye sakafu ya bwawa, maumivu hakuna, nasikia tu pumzi yangu ikiingia na kutoka. Nililia ndani ya miwani. Nilipotoka nje goti likanipiga palepale kwenye ngazi, nikaipiga teke ngazi, nikaumia zaidi. Kuanzia siku hiyo nikawa nachukia nchi kavu.

Vifaa vya yule mwanamaji, ambaye sasa tulimwita mwalimu, vilikuwa vichakavu. Kila mtungi ulikuwa na mpira mmoja tu wa kupumulia, wenye kidude unachokiuma kwa meno. Sisi tulikiita nyonyo. Kwa hiyo zoezi alilotufanyisha kuliko yote lilikuwa la kugawana nyonyo: mmoja akiishiwa hewa, mwenzake anatoa yake mdomoni, anampa, avute mara mbili, airudishe, na hivyo hivyo mpaka wafike juu. Kuna ishara ya mkono ya kuomba. Alitufundisha ishara hiyo hadi tukachoka.

Sasa mpe mtani nyonyo yako uone. Mara ya kwanza aliivuta mara mbili, akanitazama, akavuta ya tatu, ya nne, ya tano, macho yake yakicheka nyuma ya kioo na mapovu yakimtoka kama sufuria ya uji. Nilimkaba shingo ndipo akaiachia. Zamu yake ilipofika nikamrudishia yale yale. Akaanza kunipora bila zoezi, ninapoogelea zangu, anatokea nyuma na kuing'oa mdomoni. Mimi nikamvua miwani. Siku moja alinifunga mapezi ya mpira ya miguuni kwenye ngazi. Tulipanda juu tukakabana, tukakohoa maji, tukacheka hadi mhudumu akatishia kutufukuza.

Mwalimu alitukalisha ukingoni. Sauti yake haikupanda.

"Wazee wangu, utani wenu mwisho hapa, kwenye ukingo. Chini hakuna mtani."

Tulishikana mikono mbele yake, tukaapa. Tulitimiza kiapo hicho siku tatu.

Lakini nisimfanye mtu mbaya. Mimi nilikuwa siwezi kukunja goti nivae mapezi, na yeye, mwenye nyonga iliyokufa, ndiye aliyekuwa anajishusha chini huku akiuma meno, ananivalisha moja baada ya jingine, kisha anautemea mguu wangu mate kwa usalama, akisema mpagazi amemaliza kazi. Mimi nilimwinua. Kati yetu sisi wawili ulipatikana mwili mmoja mzima.

Miezi minane baadaye mwalimu akapata kazi ya mkulima wa mbogamboga kule Kisarawe. Huyo bwana alikuwa akivuta maji kutoka kwenye shimo la kokoto lililoachwa, likajaa mvua za miaka, na pampu yake, iliyokuwa juu ya chelezo cha mapipa, ilizama usiku wa dhoruba. Kulikuwa na mita tisa za maji. Mwalimu alisema ni kazi nyepesi: mimi nishuke na kulabu, niinase kwenye fremu ya pampu na kufunga kamba, mtani wangu animulikie kwa tochi. Mwalimu mwenyewe angekaa juu akishika kamba. Tulikwenda kwa pikapu yake, tumekaa nyuma na mitungi, kila shimo la barabara likitupiga viungoni mpaka tukafika tumekunjika kama panga bovu. Mtani wangu alinivalisha mapezi. Alinitemea mate.

Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ukinyoosha mkono, vidole huvioni. Tulishuka tukifuata kamba, yeye akitumia mikono zaidi ya miguu, na mwanga wa tochi ukiwa kama ndimu mbivu ndani ya chai hiyo. Pampu tuliikuta imelala ubavu kwenye tope. Nikaanza kupapasa fremu, kulabu ya chuma mkono wa kulia, na kwa mara ya kwanza tangu nistaafu nilijisikia mtu anayefanya kazi ya maana.

Naomba nieleze polepole jambo lililotokea upesi kuliko kupeana salamu. Mwanga uliyumba. Mkono ukanijia usoni kutoka kwenye ukungu, ukaing'oa nyonyo mdomoni mwangu. Nilimeza tope. Nilijua ni yeye, na nilijua pia, bila kufikiri, kwamba ameanza upuuzi wake, hapa, kwenye kazi ya watu, mita tisa chini. Hasira iliyonipanda ninaijua. Ndiyo iliyokuwa inanijia nikiandika ubaoni na nyuma yangu mtoto akacheka. Niliukamata mpira, nikauvuta hadi nyonyo ikamtoka mdomoni. Akanijia tena, sasa kwa mikono yote miwili, akanikumbatia shingo. Nikampiga. Ngumi ndani ya maji haina nguvu, lakini yangu ilikuwa imeshika chuma. Nilimpiga mdomoni, nikampiga tena palepale, na mara ya tatu nikampiga kwenye miwani. Akaniachia. Tochi ikaanguka kwenye tope, ikaendelea kuwaka pale chini peke yake.

Nikarudisha nyonyo, nikapuliza maji, nikavuta hewa. Nikasema moyoni: leo tutaonana huko juu, mpagazi wewe. Kisha nikageukia pampu, nikainasa kulabu, nikafunga fundo, nikalikaza, nikalikagua kwa vidole kama nilivyofundishwa. Sikuwa na haraka. Nilikuwa napanga kofi.

Alipokuwa akinitania kule bwawani mapovu yalimtoka kwa kicheko. Safari hii hayakutoka mapovu. Niliona kwamba hayakutoka, macho yangu yaliona, nami sikuuliza. Kila mwaka, kwa miaka thelathini, niliandika ubaoni kwamba mfa maji haishi kutapatapa, na nilimchapa yeyote aliyeshindwa kuitolea maana. Mfa maji aliponishika shingo, mimi mwenyewe sikumjua.

Nilipotokeza juu mwalimu akaniuliza mwenzangu yuko wapi. Nilimjibu kwamba anajificha, ni ujinga wake wa kila siku, amwache tu atatoka akichoka. Mwalimu akatazama maji. Mapovu yalikuwa yametoka sehemu moja tu, pale nilipoibukia mimi. Alijitupa na nguo zake.

Alimleta juu akiwa amemkumbatia kwa nyuma. Tukamvuta hadi kwenye kokoto, mwalimu akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili, na nikasikia ubavu ukivunjika, mlio kama wa muwa. Goti langu lilikuwa limejifunga. Nilikwenda kwa kutambaa juu ya mawe hadi yakanichana viwiko. Nilimpiga makofi mashavuni, la kulia, la kushoto, namwambia amka we mpagazi, watu wanatutazama. Mkulima akanishika mikono. Nikamsukuma na mkulima. Mwishowe mwalimu akaacha kukandamiza.

Akavuta mtungi wa marehemu, akatazama kipimo cha hewa. Mshale ulikuwa umesimama kwenye nusu. Alikigonga kwa kifundo cha kidole, mshale ukaanguka hadi sifuri. Mtungi ulikuwa mtupu na kipimo kilikuwa kimekwama. Alinitazama. Kisha akautazama mdomo wa mtani wangu, ambao ulikuwa umechanika juu na chini, meno mawili yamekwenda ndani.

"Kuna mawe mengi kule chini," akasema.

Nikakubali kwamba kuna mawe. Hayo ndiyo tuliyowaambia polisi, na ndiyo yaliyoandikwa. Mwalimu alikuwa anaogopa kipimo chake na mimi nilikuwa naogopa mkono wangu, na hofu zetu zilielewana vizuri.

Siku tatu hadi maziko sikula. Mke wangu alidhani ni huzuni. Siku ya pili nilivunja kioo cha chumbani. Akafagia bila kuniuliza. Nilikuwa nimeamua kumwambia mjane. Si kwa sababu mimi ni mtu mwema; ni kwa sababu nilitaka mtu anipige. Nilitaka anirarue uso, ndugu zake wa Tabora wanishukie na magongo, nilale hospitali nimefungwa kama maiti. Mtu aliyechapa watu maisha yake yote anajua kwamba kuna mambo hayamaliziki bila kipigo.

Nikavuka barabara kwenda msibani. Karakana ilikuwa imefungwa na turubai limetandazwa mbele yake. Mjane alikuwa ndani, kwenye jamvi, amezungukwa na wanawake, sauti imekwisha. Tangu habari zimfikie alikuwa hajaweka kitu mdomoni. Aliponiona alinishika mkono, ule wa kulia.

"Shemeji, mtani wake ni wewe," akasema. "Asizikwe kama mtu asiye na mtani."

Nikamwambia nina neno nataka kumwambia, sisi wawili tu. Akasema nitamwambia tukishamzika, kwanza nimfanyie kazi yake. Wanawake wakaitikia. Hapo ningeweza kusema. Nilitazama nyuso zile zote, nikasema sawa, nikatoka. Woga ule nao nauhesabu pamoja na zile ngumi tatu.

Tulimzika Pangani, ile ya hapa hapa Kibaha, mchana wa jua kali. Kwaya ya kanisa lake iliimba, jeneza likateremshwa kutoka garini, na umati ukafika kaburini ukiwa umechoka kulia. Desturi inajulikana: mtani huliziba kaburi. Huingia ndani, hulala pale marehemu atakapolala, anakataa kutoka hadi abembelezwe kwa kitu. Niliwaomba wachimbaji wanishushe, kwa kuwa magoti hayawezi kuruka. Wakanishika makwapa, wakaniteremsha kama gunia. Kabla hata sijalala watu walianza kutabasamu. Mzee mmoja alisema Mzaramo anateremshwa kwa winchi.

Nikalala chali kwenye udongo mwekundu, ubaridi ukaniingia mgongoni. Juu niliona mstatili wa mbingu na nyuso pembeni yake. Mzee wa kanisa akainama, akaniuliza kwa adabu zote mtani anadai nini ili atupishe.

"Sidai kitu," nikasema. "Mimi ndiye niliyemuua."

Kicheko kikalipuka. Sikuwa nimesikia kicheko chochote tangu siku ile ya Kisarawe. Kilikuwa kicheko cha watu waliofungiwa. Mtu mmoja akasema tulijua, Wazaramo hawa. Nikapaza sauti. Nikasema aliishiwa hewa, akaja kuniomba yangu, nami nikampiga mdomoni kwa chuma, mara mbili, na mara ya tatu usoni, kisha nikaendelea na kazi yangu huku anakufa. Wakashikana mabega kwa kucheka. Nikalia kwa sauti, kilio cha kweli, makamasi yakinitoka, nikapiga ngumi ukuta wa kaburi hadi udongo ukanimwagikia usoni, na nikamsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba siku hizi watani wanaojua kazi kama huyu hawapatikani.

Ndipo nikamwona mjane. Walikuwa wamemsogeza hadi ukingoni, wamemshika pande zote mbili. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kitenge, mabega yanaruka, na nilidhani hatimaye amesikia, kwamba sasa atajitupa humu ndani anirarue. Akaondoa kitenge. Alikuwa anacheka. Anacheka kabisa, machozi yakimtiririka, tumbo amelishika, na mmoja wa waliomshika akasema asante Mungu, angalau amefungua kinywa.

Nilitaka kusimama niseme tena, niape kwa jina la Mwenyezi Mungu, lakini goti lilikuwa limejifunga. Wakanirushia kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, akaniangukia kifuani, akanipiga mbawa za uso. Ndiyo zawadi ya kunibembeleza. Wanaume wanne wakanivuta juu na kuku wangu mikononi, mtu akanikung'uta udongo mgongoni, na jeneza likashuka pale nilipokuwa nimelala. Mchana ule mjane alikula ugali na mchuzi wa dagaa. Waliniambia kana kwamba wananipa hongera.

Nilisubiri arobaini ipite. Nikaenda saa nne asubuhi, nikiwa nimejua yuko peke yake, na nikakataa chai ili nisipate pa kujificha. Nilianza vizuri. Nikamwambia shemeji, yale niliyoyasema kaburini nataka tuyazungumze, kwa sababu yale hayakuwa utani. Sikufika mbali. Uso wake ulikuwa umekwisha kufunguka kwa tabasamu. Akaniwekea mkono juu ya goti, akaniambia kwamba siku zile tatu alikuwa ameamua kumfuata mumewe, kamba alikuwa ameshaiona kwenye karakana, na pale kaburini, aliponisikia nikisema ule uongo wangu wa kipumbavu, kitu kikamwachia kooni. Tangu siku hiyo, usingizi ukimkataa, huyakumbuka maneno yale.

"Yaseme tena, shemeji," akaniambia. "Kama ulivyoyasema."

Nilimtazama. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kwenye paja langu, umelala. Nikayasema: kwamba aliishiwa hewa, kwamba alikuja kuniomba, kwamba nilimpiga kwa chuma mara tatu, kwamba nilifunga fundo. Alicheka hadi akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kisha akaenda jikoni kuniletea chai niliyoikataa.

Sijashuka majini tena. Magoti yameharibika zaidi na daktari ananisema; namwambia nitakwenda, siendi. Sijampiga mtu wala kitu. Wageni wakija kutoka Tabora kumwona mjane, hutuma mtu kuvuka barabara kuniita, kwamba mtani aje asimulie alivyomuua ndugu yao. Naenda, nakaa kwenye kiti kwa kuwa jamvini sitainuka, naeleza yote kama yalivyotokea, nao wanacheka.